Meli ya Nansio na daftari la mpwa wangu

Jumamosi nilikuwa namrudisha mtoto wa dada yangu kwao Nansio, kisiwani Ukerewe, yuko darasa la tatu, na begi lake lilikuwa na kazi ya likizo ambayo haijaguswa hata kidogo: chora ngao ya taifa, andika maana ya kila kitu. Nikamwambia hiyo ndogo, tutaimalizia melini.

Meli ilichelewa, kama kawaida. Kutoka Mwanza mpaka Ukerewe ni masaa matatu na kitu hivi, tukapata siti nyuma karibu na bendera, katikati ya magunia ya mchele na kuku wa mtu. Nikaanza kwa mbwembwe. Kijani ardhi na mimea, nyeusi watu wake, bluu maji, njano madini, si unaona? Dogo anaangalia bendera yenyewe, imechanika na upepo, na kwa sababu pembe ya bluu ndo iko mbali na mlingoti basi ndo imeliwa zaidi, imebaki nyuzi nyuzi. Akasema, "Mjomba, maji yanaisha." Abiria wa pembeni walicheka mpaka kuku wakashtuka.

Tukarudi kwenye ngao. Mwenge juu, nikamweleza kwamba usiku wa uhuru, Desemba 1961, mwenge uliwashwa kileleni Kilimanjaro, na mlima huohuo ndo bibi na bwana wamesimama juu yake wameshika ngao pamoja. Shoka na jembe ni kazi, mkuki ni kulinda uhuru. Nikaona nimemaliza, ila nilikuwa nakariri tu kama nilivyokaririshwa mimi, na mtoto anajua ukikariri.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja kutoka Kwimba aliyekuwa anaenda kumwona binti yake. Akaomba daftari, akaweka kidole kwenye miguu ya bibi. "Hapa umechora nini, ng'wanawane?" yaani mwanangu kwa Kisukuma. Dogo akasema maua. Mzee akakataa kwa kichwa, akasema hiyo ni pamba, kwa bwana ni karafuu. Akaonyesha vidole vyake, akasema vikonyo vya pamba vikikauka vinachoma kama miiba, msimu wa kuchuma mikono yote inakuwa michubuko, hata watoto wake aliwasomesha kwa hiyo pamba. Karafuu wanajua watu wa Zanzibar na Pemba, wao nao wana mikono yao. "Ndo maana zimewekwa zote mbili, kila mtu ameleta cha kwao, halafu chini pameandikwa Uhuru na Umoja." Aisee mimi nimeiona hiyo ngao maisha yangu yote, kwenye noti, kwenye pasipoti, sijawahi kumfikiria mtu aliyeichuma hiyo pamba.

Dogo akakaa kimya kidogo, kisha akauliza swali ambalo mtoto wa kisiwani lazima aulize: "Sasa cha kwetu kiko wapi? Mbona hakuna samaki?"

Nikaonyesha yale mawimbi ya bluu na nyeupe chini ya ngao, nikasema hayo ndo maji, bahari na maziwa, Nyanza iko humo. Hakuridhika. Mzee akasema basi samaki wako chini ya maji, wewe ulishaona sato anaelea juu?

Tunakaribia Nansio nikamkuta amechukua penseli anachora kasamaki kadogo katikati ya mawimbi, kana macho makubwa. Nikamwambia mwalimu atakata maksi. Akasema atamwambia kamevuliwa.