Ijumaa ya gazeti: siku moja maishani mwangu kama mlezi wa klabu ya habari

Saa 12:30 asubuhi

Ofisi ya walimu bado haina mtu. Nafundisha lugha katika shule ya kati, na pamoja na vipindi vyangu nalea klabu ya habari. Waandishi wangu wana umri wa miaka 11 hadi 14. Leo ni Ijumaa, siku ya kutoka gazeti: karatasi ya A3 iliyokunjwa katikati, ikatoa kurasa nne za A4. Hakuna ukurasa wa tano. Habari ikizidi hukatwa, au hungoja wiki ijayo, au nyingine huondoka kuipisha, na kila mwandishi mpya hujifunza sheria hiyo kwa uchungu.

Nasoma rasimu za jana. Ya kwanza inaanza hivi: "Timu yetu ya riadha imetuletea heshima kubwa kwa kushika nafasi ya pili." Napiga mstari chini yake na kuandika pembeni: Walifanyaje? Karibu kila habari ya mafanikio inayonifikia huondoka mezani kwangu na swali hilo. Kombe limekwisha kuonekana, limo kabatini. Mazoezi yaliyolileta ndiyo ambayo wengi hawakuyaona, na mtoto anayetamani kukimbia kama wale wanne wa mbio za vijiti anahitaji kusoma kuhusu mazoezi hayo.

Saa 1:10

Kikao cha wahariri. Tunakifanya kwa kusimama, kabla ya gwaride, ili kisirefuke. Mhariri mkuu ni binti wa miaka 13 mwenye sauti ndogo na msimamo mkubwa.

Mwandishi wa riadha anajitetea: "Mwalimu, walikimbia tu, wakawa wa pili." Namuuliza kama amewahi kusimama uwanjani wakati wanafanya mazoezi. Hajawahi. Basi leo mapumziko atakwenda na futi ya kupimia, amwombe nahodha amwonyeshe wanapobadilishana kijiti.

Habari ya pili ndiyo inayoleta mzozo. Klabu ya sayansi ilipima mzingo wa Dunia kwa kivuli cha fimbo, kwa njia ya Eratosthenes, mkuu wa maktaba ya Alexandria katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Alijua kwamba katika siku ndefu kuliko zote ya kiangazi, adhuhuri, jua lilikuwa utosini kabisa huko Aswan, kusini mwa Misri, ilhali Alexandria, kaskazini, kivuli kilionyesha pembe ya nyuzi 7.2 hivi. Nyuzi 7.2 ni sehemu moja ya 50 ya duara. Kwa hiyo umbali kati ya miji hiyo miwili, ukizidishwa mara 50, ndio mzingo wa Dunia nzima. Wanafunzi wetu walishirikiana na shule nyingine iliyo kusini mwetu, tunayobadilishana nayo magazeti. Wakapima siku ileile, wakapiga hesabu, na namba waliyopata ikapita mbali kilomita 40,000, ambazo ndizo takriban mzingo halisi.

Sasa klabu inaomba isiandikwe. Kiongozi wao amekuja mwenyewe: "Tumekosea, mwalimu. Tutachekwa." Mhariri mkuu anamjibu kabla yangu: "Lakini mmepima Dunia kwa fimbo! Nani mwingine hapa amepima Dunia?"

Namwelewa kijana yule. Katika umri huu, kuchekwa na wenzako kunauma kuliko kufeli mtihani. Kwa hiyo siwalazimishi. Nawapa muda hadi saa saba: mwandishi wetu atakaa nao, waeleze walivyofanya, kisha wao wenyewe waamue kama itoke.

Saa 2 hadi saa 4

Vipindi viwili mfululizo. Tunasoma insha za maelezo. Sina la kusimulia zaidi ya hilo, isipokuwa mvulana mmoja wa nyuma ambaye mwaka jana hakuwa akisoma kwa sauti hata sentensi moja, na leo kasoma aya nzima bila kuombwa. Siku hizi huwasomea wadogo hadithi maktabani wakati wa mapumziko. Mwandishi mmoja aliwahi kutaka kuiandika habari hiyo. Tulimwuliza mwenyewe, akakubali iandikwe bila jina lake, na ndivyo ilivyotoka. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, wa mwaka 1989, unampa mtoto uhuru wa kujieleza katika kifungu cha 13, na katika kifungu cha 16 unamlinda faragha yake. Vifungu hivyo viwili nimevibandika juu ya meza ya klabu, kimoja kando ya kingine, maana mwandishi wa shule huishi katikati yake kila siku.

Saa 4:20, mapumziko

Uwanjani, mwandishi wa riadha yuko magotini na futi yake. Nahodha anamweleza kwamba katika mbio za kupokezana vijiti za mita 100 mara nne, eneo la kupokezana lina urefu wa mita 30, na kinachohesabiwa ni mahali kilipo kijiti, si mahali ulipo mguu wa mkimbiaji. Mpokeaji huanza kukimbia kabla hajakipata, wala hageuki nyuma. Hunyoosha mkono na kuamini. Wamechora alama ya chaki ardhini: mwenzako akiikanyaga, wewe ondoka. Mapema sana, hatakufikia. Ukichelewa, atakugonga. Muhula mzima wamekuwa wakiisogeza alama hiyo, nyayo kwa nyayo.

"Kumbe nyie si wa kasi sana?" mwandishi anauliza bila kuficha. Nahodha anakubali: mmoja mmoja wangeshindwa na timu kadhaa walizozipita. Nikimwona mwandishi anavyoandika haraka, najua rasimu ya asubuhi imekwisha kazi.

Saa 6 mchana

Nafika maabara na kukuta watu wameinamia meza. Mwandishi wa habari ya sayansi ni msichana mdogo wa mwaka wa kwanza, hajasoma hata nusu ya hesabu wanazomweleza. Hapo ndipo penye nguvu yake. Anauliza kila kitu. Fimbo ilikuwa na urefu gani? Mita moja. Mlijuaje kwamba imesimama wima? Kwa timazi. Mlijuaje kwamba ni adhuhuri? Waliweka alama kwenye ncha ya kivuli kila dakika tano, wakachukua kivuli kifupi kuliko vyote, kwa kuwa adhuhuri ya jua hailingani na saa ya ukutani. Pembe mliipataje? Walichora pembetatu kwa skeli, wakaipima kwa protrakta. Yote sawa, yote kwa uangalifu.

Kisha anauliza: "Na umbali kati ya shule zetu mliupata wapi?"

"Kwenye intaneti. Tuliandika majina ya sehemu mbili, ikatupa kilomita."

"Kilomita za ndege au za gari?"

Kimya. Kiongozi wa klabu anashika kichwa. Walichukua umbali wa barabara, na barabara hupinda, huzunguka milima, huvuka mto pale palipo daraja. Hesabu ya Eratosthenes inataka umbali ulionyooka, kaskazini hadi kusini. Umbali ukirefushwa, Dunia nayo inakua. Ramani inaletwa, rula inawekwa, skeli inasomwa, na hesabu inapigwa upya na watu sita kwa sauti. Namba inashuka na kukaribia 40,000. Bado imezidi kidogo, lakini sasa wanatazamana kama watu waliopata kitu.

Mwalimu wa sayansi yuko mlangoni, hasemi neno. Baadaye ananinong'oneza kwamba angeweza kuwaambia tangu juzi, lakini alitaka walione wenyewe. Namheshimu sana kwa subira hiyo. Hata saa saba haijafika, klabu imeamua: iandikwe, tena pamoja na kosa. Wanataka kichwa cha habari kiseme "Kwa nini Dunia yetu ilikuwa kubwa mno". Sijawahi kupewa kichwa kizuri zaidi na mtu mzima yeyote.

Saa 7:15

Mzazi amepiga simu shuleni. Mwanawe ameongoza darasa, anauliza kwa nini gazeti halichapishi orodha ya nafasi. Ananiuliza kwa adabu, namjibu kwa adabu: nafurahi na kijana wake, na kama kuna kazi aliyoifanya tungependa kuisimulia. Lakini orodha hatuchapishi. Ukiandika wa kwanza hadi wa thelathini, umemwandika pia wa thelathini, na yeye hakuombwa ruhusa. Mzazi anatafakari, kisha ananiambia mwanawe huwa anawaelekeza wenzake hesabu jioni. Naam, mzee, hiyo tutaiandika, wakikubali na hao wenzake.

Saa 8

Kupanga kurasa. Kazi ya kukata maneno. Mhariri mkuu anafuta "heshima kubwa", "juhudi zisizo na kifani" na "wametupeperushia bendera", anaacha alama ya chaki, mkono ulionyooshwa nyuma na mita 30. Habari imepungua nusu na sasa unaweza kuiona. Majina yote yanasomwa kwa sauti, herufi kwa herufi, na mwenye jina akiwa karibu anaitwa kulithibitisha. Jina lililokosewa katika gazeti la shule linaweza kukaa moyoni mwa mtoto kwa muda mrefu.

Wakingojea printa ipate moto, nawasimulia kuhusu Célestin Freinet, mwalimu wa kijiji nchini Ufaransa aliyeingiza mashine ya kuchapisha darasani katika miaka ya 1920, wanafunzi wakapanga herufi za risasi kwa mikono yao na kutuma maandishi yao kwa shule nyingine. Pia kuhusu Janusz Korczak, daktari na mlezi wa yatima wa Warsaw, Poland, ambaye mwaka 1926 alianzisha gazeti dogo la watoto lililotoka ndani ya gazeti la watu wazima kila Ijumaa, waandishi wake wakiwa watoto wenyewe. Msichana wa habari ya sayansi anauliza: "Nao walikuwa wanalipwa?" Nafurahi kumwambia kwamba wengine, ndiyo. Wanashangilia kwa namna inayonipa wasiwasi kuhusu bajeti ya klabu.

Saa 9:10

Gazeti mikononi. Wengi hutafuta kwanza majina yao, kisha ya rafiki zao, ndipo wanasoma. Ukumbini naona kundi limekusanyika karibu na ukurasa wa tatu, mmoja anatumia penseli na kivuli cha dirisha kuwaeleza wengine jinsi pembe inavyopimwa. Hayumo katika klabu ya sayansi. Hakuna aliyecheka, au kama yupo, sikumsikia.

Timu ya riadha nayo inalalamika: sasa wapinzani watajua alama yao ya chaki. Nahodha anawatuliza kwamba kujua si sawa na kufanya mazoezi muhula mzima.

Saa 11 jioni

Niko nyumbani, gazeti la ile shule ya kusini limeingia kwa barua pepe. Nao wameandika upande wao wa kipimo. Nalituma kwa wahariri bila maelezo na kuendelea na kusahihisha insha.

Haipiti nusu saa, msichana yule anaandika kupitia simu ya mama yake. Amesoma kwamba wenzetu walipima kivuli "saa sita kamili". Anauliza: ni saa sita ya ukutani, au walingoja kivuli kifupi kuliko vyote? Maana wao ndio wenye kivuli kifupi kati yetu. Kama walipima kabla au baada ya adhuhuri ya jua, kivuli chao kilirefuka, tofauti ya pembe ikapungua, na Dunia ikazidi tena. Huenda hicho ndicho kile kidogo kilichobaki.

Nimemjibu aandike maswali matatu kwa adabu, amwonyeshe kiongozi wa klabu ya sayansi, tuyatume Jumatatu kabla ya gwaride. Ukurasa wa tatu wa wiki ijayo ni wake.