Kopo la Blue Band

Dawa za baba zilikaa kwenye kopo la Blue Band juu ya kabati, wajukuu wasizifikie. Miaka 40 ya cherehani ya miguu ilimmaliza goti la kulia. Daktari akamwandikia diklofenaki, dawa ya maumivu, ya siku 5, ikamfaa. Siku 5 zikawa mwaka na nusu, na mnunuzi nilikuwa mimi. Duka la dawa la pale stendi hata cheti hawakuuliza.

Presha ikapanda, kliniki wakampa losatani. Miguu ikavimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Daktari mwingine akaongeza dawa ya kukojoa, itoe maji. Ukiangalia cheti kimoja kimoja, hakuna aliyekosea. Ila vyeti vilikuwa vitatu, na hakuna aliyeuliza, "Mzee, nyingine unazokunywa ni zipi?" Kumbe diklofenaki yenyewe hupandisha presha na kuzuia maji mwilini, na ikikutana na hizo mbili figo zinaweza kukosa damu ya kutosha. Walikuwa wakitibu dawa kwa dawa.

Aliyegundua ni tabibu kijana, ndevu zenyewe bado zinatafuta njia. "Dada, kalete kila anachomeza, hata mizizi." Nikaleta kopo. Akalimwaga mezani, akazipanga, kisha akaisukuma diklofenaki pembeni kwa ncha ya kalamu kama anayeondoa mdudu. Kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, ilisoma 480. Kwa mtu mzima mwenye afya haipaswi kupita kama 110.

Usiku ule, kwenye simu, nikakutana na habari za tumbusi wa India: walikufa mamilioni, figo zimeharibika, kwa kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa diklofenaki. Mwaka 2006 India ikaipiga marufuku kwa mifugo. Nikaweka simu chini. Mimi nilikuwa namnunulia baba karatasi mbili mbili.

Msinipeleke kwa wale wanaosema hospitali zinaua, rudini kwenye majani. Baba yu hai kwa sababu ya hospitali. Najua pia foleni za kliniki zilivyo, daktari mmoja na benchi limejaa hadi nje. Lakini swali lile lina maneno mangapi?

Kreatinini ilishuka hadi 190, ikagoma hapo. Goti liko palepale. Jana usiku akaniita kwa sauti ya chini, mama asisikie: "Mwanangu, hata kimoja tu, nipate usingizi?"

Nikaenda kuchemsha maji ya kumkanda.