Siku Moja Maishani Mwangu: Kutoboa Utando wa Atomi Moja

Saa mbili asubuhi nishavaa koti na glavu, nishasaini daftari la mashine. Ni mwanafunzi wa uzamivu kwenye maabara ya fizikia huku Uingereza, na kazi yangu ni kupima nguvu ya grafini, tabaka moja la atomi za kaboni lenye unene wa nanomita 0.335 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Mjomba wangu, fundi wa kuchomelea kule Morogoro, alisikia redioni kwamba inakishinda chuma cha pua, akanitumia ujumbe wa sauti: “Mpwa wangu, nitumie kipande nikijaribu kwenye mageti.” Wengi wanaijua kazi hii hivyo, kwamba tuna mabati ya ajabu ghalani.

Saa tatu nabandika grafiti, yaani matabaka mengi ya grafini yaliyopangana, kwenye selotepu, nakunja, nabandua, narudia, kisha naigandamiza tepu juu ya silikoni iliyochimbwa vishimo vya upana wa mikromita (sehemu ya milioni ya mita) moja na nusu. Ndiyo njia ya wanafizikia Geim na Novoselov, walioitenga grafini Manchester mwaka 2004 na kupata Nobeli mwaka 2010.

Hadi saa saba niko kwenye hadubini. Tabaka moja hutambulika kwa zambarau iliyokolea kidogo sana kuliko oksidi ya silikoni inayolizunguka, na lazima liwe limefunika kishimo chote bila mkunjo. Shingo inakakamaa, macho yanawasha. Nakula wali maharage niliobeba nyumbani.

Saa nane ni zamu yangu kwenye hadubini ya nguvu za atomi, niliyoiwekea nafasi wiki iliyopita. Ncha yake ya almasi, yenye upana wa makumi machache tu ya nanomita, inashuka katikati ya utando na kuusukuma mpaka utoboke. Meza inaelea juu ya hewa ili isitikisike. Sasa ghorofa ya chini mafundi wakaanza kutoboa ukuta. Mstari unaoonyesha nguvu ya ncha kwenye skrini ukaota meno. Nikashuka kuwaomba. “Ukuta huu lazima uishe leo,” akasema mkubwa wao, kwa upole. Walinyamaza kidogo, nikafunika mashine na kungoja joto litulie, maana joto likibadilika kidogo tu sampuli inasogea na ncha inaukosa utando katikati. Ilipotulia, drili ikarudi. Nikangoja. Ikanyamaza, nikaanza kutafuta kati upya, ikarudi. Anayepita mlangoni anaona mtu amekaa tu anaangalia skrini, ilhali mgongo unaniuma kuliko wa mbeba mizigo.

Walipoondoka, nje kulikuwa giza. Nikasukuma. Mstari ulipanda taratibu, kisha kwa kasi. Nikirudisha ncha, unashuka njia ileile, hakuna kilicholegea. Nikaongeza. Ghafla ukaanguka: utando umetoboka.

Kwa kipimo cha namna hii Changgu Lee, Kysar, Hone na wenzao wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walipata, mwaka 2008, nguvu ya gigapaskali (kipimo cha mkazo ambao kitu huhimili kabla ya kuvunjika) 130. Chuma cha kawaida cha ujenzi hakifiki hata 1. Kila atomi imeshikana na jirani watatu, na kipande chenyewe ni kidogo mno hata hakina ufa. Mhandisi Griffith aliliona hilo kwenye nyuzi za kioo tangu 1921: uzi ukiwa mwembamba sana, nyufa hupungua na nguvu hupanda.

Hapo ndipo lilipo jibu la mjomba. Utando wa mita moja ya mraba usio na dosari, wenye uzito usiofika miligramu moja, ungebeba kilo 4. Lakini tabaka kubwa huwa na maungio na dosari, na ufa ukishaanza grafini huchanika upesi. Geti halitoki humo, ila namba ninayoipata ni ya kweli, na najivunia kuwa mikono yangu inaweza kuipata.

Bado sijaondoka. Lazima niipige picha ncha yenyewe, kwa sababu nguvu hukokotolewa kutokana na mviringo wake. Ikiwa imepata ubutu, hesabu zote za leo zinabadilika. Picha hiyo inakula saa nyingine.