Wasimchome

Masika ya mwaka 2003 tulikuwa tunakaa Tandale, vyumba viwili vya kupanga, na maji ya mvua yalifika mpaka kizingitini. Saidi alikuwa na miaka miwili. Homa ilimwanza Alhamisi jioni. Ijumaa, adhana ya alfajiri ikiwa ndiyo kwanza imemalizika, alikakamaa mikononi mwangu. Macho yakapanda juu, meno yakaumana, mkono na mguu wa kushoto vikaanza kurukaruka.

Mama mkwe aliamka, akamtazama mara moja tu, akasema: degedege.

Kwa wazee wetu wa pwani degedege halikuwa homa iliyopanda. Ni ndege wa usiku aliyepita juu ya nyumba. Mtoto wa namna hiyo hufukizwa na hupakwa dawa, na kubwa kuliko yote, hapigwi sindano. Ukimchoma, anakufa. Mama mkwe hakuyasema haya kwa kusikia. Huko Rufiji alimzika binti yake, Mwajuma, aliyechomwa sindano akiwa katikati ya degedege akakata roho palepale. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba malaria ilikuwa imeshammaliza yule mtoto kabla sindano haijamfikia. Alfajiri ile sikuwa na la kumjibu. Nilimfunga Saidi kwenye kanga nikatoka, yeye nyuma yangu kwenye tope, anarudia lilelile: "Mama Saidi, wasimchome. Nakuomba mwanangu, wasimchome."

Nesi wa zamu pale zahanati aliyasikia kabla hatujaingia ndani. Alichukua kadi ya kliniki akasoma uzito wa mtoto, akavuta dawa kwenye bomba la sindano. Mama mkwe akanishika mkono kwa nguvu. Nesi akamgeukia: "Shikamoo mama. Simchomi. Angalia." Akaichomoa sindano, akaidumbukiza kwenye boksi la taka zake. Ikabaki plastiki tupu. Mama mkwe aliinama kabisa kuhakikisha.

Saidi akalazwa ubavu, magoti yamekunjwa. Nesi aliingiza ile plastiki kwenye njia ya haja kubwa, kama sentimita nne au tano hivi, akasukuma dawa taratibu. Kisha akaichukua mikono ya mama mkwe, yenye hina iliyofifia ya harusi ya mwezi uliopita, akaiweka kwenye makalio ya mjukuu wake. "Bana hivi mama, dawa isirudi. Usiachie mpaka nikwambie."

Alibana huku midomo ikisoma Ayatul Kursiy. Dakika chache baadaye mguu ulilegea, ukafuata mkono, halafu taya likafunguka na Saidi akavuta pumzi ndefu. Nesi hakuondoa macho kifuani kwake, maana dawa ile, dayazepamu, inaweza kupunguza pumzi ya mtoto. Alipomwambia mama mkwe aachie, hakuachia. Ilibidi nimtoe vidole kimoja kimoja.

Tukapewa rufaa, tukakodi teksi, na hospitali Saidi akatundikiwa dripu ya kwinini. Huko alichomwa kweli. Mama mkwe aligeuza uso ukutani, ila hakumzuia mtu.

Wiki iliyofuata nilirudi kwa yule nesi na swali ambalo halikuwa linaniacha nilale. Shuleni puru tulifundishwa kwa mstari mmoja: sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, hutunza kinyesi. Sasa dawa ya kutuliza ubongo inapitaje huko, na haraka vile?

Alinichorea nyuma ya kadi kuukuu. Puru ya mtu mzima, alisema, ina urefu kama wa kalamu hii, sentimita 12 hadi 15, na imelala mbele ya mfupa wa mwisho wa mgongo. Muda mwingi haina kitu. Kinyesi kikishuka kuta zake hutanuka, neva zinapeleka habari, nawe unajua una haja. Mlangoni kuna misuli miwili ya mviringo. Wa ndani hulegea wenyewe. Wa nje unakutii wewe, na huo ndio mtoto anaoujifunza anapoachishwa nepi. Kuna na msuli mwingine, umeizungusha puru kwa nyuma na kuivuta mbele kama kamba, mpaka njia inapinda. Ukichuchumaa kamba inalegea na njia inanyooka. Nilimtazama mwanamke yule, na nafsi yangu ikajaa heshima kwa kitu ambacho tangu utotoni nilifundishwa kukionea haya.

Kisha akachora mishipa. Ukuta wa puru umejaa damu, na dawa hupenya humo upesi. Mishipa ya juu hupeleka damu kwenye ini kwanza, lakini ya chini huirudisha moja kwa moja kwenye moyo, na kutoka moyoni ubongo si mbali. Mtoto aliyeuma meno hamezi. Ukimmiminia dawa mdomoni unaweza kuipeleka mapafuni. Huku nyuma mlango uko wazi. Leo, miaka mingi baada ya mchoro ule, hata artesuneti, dawa ya malaria kali, ipo ya kuweka njia hiyohiyo, na Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kwa watoto wa chini ya miaka 6 walio mbali na hospitali, wapewe kabla ya kusafirishwa.

Jioni mama mkwe alikuwa anapepeta mchele uani. "Kasemaje nesi wako?" Si rahisi kwa mkwe kuyasema mambo hayo, lakini neno nilikuwa nalo, na halikuwa tusi. Nikasema puru. Akalirudia polepole, "Puru," nikamweleza yote, mpaka ile mishipa.

Ungo ukatulia. "Na Mwajuma wangu angewekewa hiyo?"

Nikamwambia ukweli, kwamba dawa ile inatuliza degedege tu, malaria inataka dawa yake.

"Lakini asingechomwa."

"Asingechomwa, mama."

Akakaa kimya kidogo, akanisogezea ungo nichague mawe.