Umeme ukirudi, printa haionekani

Umeme umerudi, mashine za kibanda zimewaka, mteja kasimama na flashi mkononi, na kompyuta inadai imprimante, yaani printa, haiko kwenye mtandao. Wengi hapa Bukavu, kuanzia Nyawera hadi Kadutu, hukimbilia kubadilisha kebo. Mara nyingi kebo haina kosa. Kilichobadilika ni anwani.

Ruta, kile kisanduku kinachounganisha vifaa vyako kwenye mtandao, ndiyo inayogawa anwani za IP, yaani namba za kutambulisha kila kifaa. Umeme ukirudi, printa inaweza kuamka kabla yake, ikaomba anwani, ikakosa jibu, ikajipa yenyewe namba inayoanza na 169.254. Au ruta imesahau mgao wa jana: 192.168.1.23 iliyokuwa ya printa imekwenda kwenye simu ya mtu, huku kompyuta ikiendelea kupeleka kazi kulekule.

Kwa hiyo anza kwa kuchapa karatasi ya mipangilio kutoka kwenye printa yenyewe, usome anwani ya IP na ile ya MAC (namba ya kifaa chenyewe, isiyogawiwa na ruta). Ukikuta 169.254, zima printa, subiri taa za ruta zitulie, kama dakika 2, kisha uiwashe.

Hiyo ni ya leo tu. Ili isijirudie, ingia kwenye ruta kwa kivinjari (192.168.1.1 au 192.168.0.1, tazama kibandiko cha chini), tafuta sehemu ya DHCP (ndiyo ya kugawa anwani), ufunge MAC ya printa kwa anwani moja, tuseme 192.168.1.50 (kama ruta ni 192.168.0.1, iwe 192.168.0.50). Mafundi wengi huandika namba hiyo ndani ya printa peke yake. Mimi siwaungi mkono: ikiwa namba imo ndani ya mgao wa ruta, ruta haijui kwamba ina mwenyewe, na siku moja itampa mwingine.

Baada ya hapo, kwenye kila kompyuta futa printa ya zamani, uongeze mpya kwa njia ya TCP/IP, ukiandika 192.168.1.50, mlango 9100. Ile inayojitokeza yenyewe kwa jina la WSD iache, hupotea ovyo. Jaribu kuandika "ping 192.168.1.50" kwenye dirisha la amri la kompyuta, ikijibu lakini haichapi, tatizo huwa kwenye kompyuta au printa yenyewe, si kwenye mtandao.

Kwa Wi-Fi, printa nyingi za bei nafuu husikia GHz 2.4 tu, na mtandao wa wageni huzuia vifaa visionane.

Printa ikiwa karibu, napendelea kebo. Mpangilio wa nyaya ndani ya plagi ya kebo: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, buluu, buluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia, ncha zote mbili sawa. Kijani zinakaa nafasi ya 3 na ya 6, zikiwa zimetenganishwa na buluu. Anayezipanga jozi kwa jozi ndiye anayepata mtandao unaokatikakatika. Usizidishe mita 100, na epuka kebo ya alumini iliyopakwa shaba, huvunjika kwenye kona.

Mega zikiisha, endelea kuchapa. Kazi ya kuchapa inapita kwenye ruta yako tu, haigusi intaneti.