Kifungua mimba

Jana jioni binti yangu aliinua uso kutoka kwenye daftari lake la sayansi. "Mama, eti pomboo wananyonyesha?"

Wananyonyesha, nikamwambia. Si samaki wale. Wanazaa na wanavuta pumzi kama sisi. Akaandika, kisha akauliza bila kuniangalia: "Ulishawahi kuyaona maziwa yao?"

Nikasema ndiyo, nikaingia jikoni, nikasimama tu mbele ya sinki.

Nimeyaona mara moja, nilipokuwa nikifanya kazi kwenye kituo cha kuchunguza pomboo. Ila siku hii sijawahi kuisimulia. Simu ililia alfajiri, tukawahi, maji yalikuwa yanajaa, na mtoto wa pomboo alikuwa ameshakata roho tulipofika. Urefu wake ulizidi mita moja kwa kidogo. Ubavuni bado alikuwa na ile mistari myepesi ambayo pomboo huzaliwa nayo, alama za kukunjwa tumboni mwa mama. Mama mwenyewe alikuwa hapo hapo, nje ya mahali mawimbi yanapovunjikia, akienda na kurudi. Pezi lake la mgongoni lilikuwa na mapengo mawili. Tulikuwa na picha zake za miaka mingi, na hakuna hata moja aliyoonekana na mtoto. Huyu alikuwa kifungua mimba wake.

Daktari wa wanyama wa kituo alimpasua mtoto pale pale, juu ya turubai. Alikata kipande cha shahamu, akakifunga kwenye foili, akaandika namba. Alipofika tumboni akaniambia nishike kingo. Nikashika kwa mikono miwili. Kisu kikapita, na maziwa yakamwagika juu ya glavu zangu, meupe, mazito kuliko nilivyowahi kudhani maziwa yanaweza kuwa, mengine yameshaganda mabonge. Yalikuwa mengi. Yalikuwa bado na uvuguvugu. Yalinuka samaki, na chini ya samaki palikuwa na harufu nyingine, tamu na chachu kidogo, ambayo sikuijua mpaka miaka ilipopita, nilipombeba binti yangu begani naye akacheua shingoni mwangu. Nilibaki nikiyatazama yakichuruzika vidoleni.

"Angalau alikuwa ameshiba," nikasema.

Daktari hakujibu mara moja. "Ameshiba, mwanangu," akasema. "Ndilo linalonisumbua."

Akanieleza huku akiendelea kukata. Zile kemikali za PCB, ambazo viwanda vilianza kuzitengeneza 1929 na kuzitia kwenye transfoma na hata kwenye rangi, huchukua miaka mingi mno kuoza. Hazipendi maji, hupenda mafuta. Hupanda kutoka kwa samaki mdogo hadi kwa samaki anayemla, na mwisho wa ngazi hiyo yuko pomboo. Jike huzilimbikiza katika shahamu yake tangu utotoni hadi anapozaa mara ya kwanza. Hapo shahamu inageuka maziwa, na sumu inatoka nayo. Watafiti waliopima pomboo wa pwani ya Natal, Afrika Kusini, walikadiria kwamba karibu asilimia 80 ya mzigo wa mama humwingia kifungua mimba, ndani ya wiki chache za mwanzo. Wadogo zake hukuta mama ameshapungukiwa. Dume hana pa kuutua, hufa nao.

Nikatazama baharini. Alikuwa bado anakwenda na kurudi.

Shakwe walikuwa wametua karibu, wanasubiri. Nilitaka tuwaachie mzoga, Daktari akakataa, tukaupakia. Shahamu wanayokula leo, alisema, ndiyo kiini cha yai lao kesho. Akanikumbusha ndege aina ya mwari wa kisiwa cha Anacapa, California. Mwaka 1970, katika viota zaidi ya 500, kilipona kifaranga kimoja. DDT, dawa ya kuua wadudu, ilikuwa imezuia chokaa kufika kwenye ganda, na kwa kuwa mwari hulalia mayai kwa nyayo zake, yalipasuka chini ya miguu ya wazazi waliokuwa wakiyapa joto.

Majibu ya maabara yalikuja baada ya miezi. PCB zilikuwa nyingi. Kwenye fomu, sababu ya kifo iliandikwa nimonia. Nilibishana na Daktari sana. Alisema kemikali hizo hudhoofisha kinga ya mwili, hilo linajulikana, lakini mtoto mmoja ufuoni hawezi kuthibitisha ni nini kilichomdhoofisha yeye. Alikuwa sahihi, na bado inaniuma.

Baadaye nilisoma habari za Lulu, nyangumi muuaji aliyekutwa amekufa Januari 2016 kisiwani Tiree, Uskoti. Shahamu yake ilikuwa na miligramu 957 za PCB kwa kila kilo, wakati madhara huweza kuanza kwenye miligramu 9. Alikuwa na umri wa miaka 20 au zaidi, na ovari zake zilionyesha hakuwahi kuzaa. Hakuwa na mtoto wa kumpa. Sikuweza kuamua kati yake na yule mama wa mapengo mawili ni nani wa kumwonea huruma zaidi, na hata sasa siwezi.

Mimi pia nilimnyonyesha kifungua mimba wangu. Niliambiwa ninyonyeshe, ushauri ni sahihi, na ningefanya hivyo tena leo. Lakini usiku ule wa kwanza hospitali, alipolishika ziwa, nililia mpaka muuguzi akadhani ni maumivu.

Binti yangu alinifuata jikoni na daftari lake. Sijui kama miaka tisa ni umri wa kuambiwa haya. Labda ndiyo, labda mimi ndiye sijawa tayari.

"Yakoje, Mama?"

"Meupe," nikamwambia. "Mazito sana."

Akaandika. Kisha akaniuliza kama mtoto hushiba.