Siku moja kwenye chumba cha MRI

Kazi yangu ni kuendesha MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili. Saa 1:00 asubuhi napiga picha chupa maalumu ya kupimia, nijue mashine iko sawa. Wengi hudhani nabonyeza kitufe tu, tena nawachoma watu kwa mionzi. MRI haina mionzi ya eksirei. Ina sumaku, na sumaku hiyo haizimwi hata usiku.

Saa 2:00 hadi saa 5:00, migongo minne. Una betri ya moyo? Chuma mwilini? Toa funguo, toa mkanda.

Saa 5:20 akaingia mzee na bahasha ya eksirei, amekasirika kwamba "hazikuonyesha kitu." Nikamweleza kuwa eksirei huonyesha mifupa, lakini diski, ule mto ulio kati ya mifupa ya uti wa mgongo, ni laini, haionekani humo. Akalala. Dakika ya tatu akajigeuza, picha zikaharibika. Nikaanza upya, akajigeuza tena. Mara ya tatu akaminya kengele: "Binti yangu, mnanitesa!" Nje watu sita wananisubiri, na kweli nilikasirika. Kisha nikaitazama miguu yake. Alikuwa ameinyoosha kabisa, na kulala hivyo ndiko kulikomuumiza. Nikaweka mto mnene chini ya magoti, na kabla ya kila mngurumo nikawa namtajia dakika. "Hii ni nne, mzee." Akatulia kama maji mtungini.

Diski yenye maji hung'aa kwenye picha za T2, aina mojawapo ya picha za MRI; iliyokauka huwa nyeusi. Zake mbili za chini zilikuwa nyeusi, na ile ya mwisho, kati ya L5 na S1, yaani pingili ya mwisho ya kiuno na mfupa ulio chini yake, imechomoza upande wa kushoto. Akauliza nimeona nini. Kusoma picha ni kazi ya daktari wa radiolojia, nami sikumjibu. Lakini fomu yake iliandikwa "maumivu ya mgongo" basi, kwa hiyo nikamuuliza yanashukia wapi. Nyuma ya shavu la mguu wa kushoto, hadi kidole kidogo. Nikayaandika yote. Mwaka 1994 watafiti Marekani waliwapiga picha watu 98 wasioumwa mgongo, na zaidi ya nusu walikuwa na diski iliyotuna. Picha bila maelezo ya mgonjwa humpoteza daktari.

Mchana sikumbuki nilikula saa ngapi. Jioni, miguu yangu imevimba, akaja mama mwenye ganzi katikati ya mapaja, na mkojo umegoma kutoka. Hizo ni dalili za neva za chini ya mgongo kubanwa, na hiyo ni dharura. Nikamtanguliza. Benchi zima likanung'unika. Nikampigia daktari simu mama akiwa bado kitandani, na sikuvua sare mpaka niliposikia amepokelewa chumba cha upasuaji.